Usikamue Majani

Baiskeli ya Shemweta imelia kengele mara mbili dirishani
kibaraza bado kina umande:
mafungu matatu ya uwatu kutoka Mgandini,
mizizi ina tope, yamefungwa kwa uzi wa katani.
"Yote haya, dada? Unamlisha nani uchungu leo?"
Nimemlipa. Sikumjibu.

Hansa amefika saa tatu. Amevua viatu mlangoni kwangu
kama nilivyokuwa nikivua mimi mlangoni kwao.
Ametoa simu. Ndani ya simu yumo mwanamke wa mbali
anayepima unga kwa kikombe chenye mistari.
Nimeilaza simu kifudifudi, kando ya chumvi.

Mama hakupima.
Konzi mbili za ngano, na dengu kidogo, ngano isijivune.
Manjano, ncha ya kijiko.
Pilipili kwa kadiri ya hasira ya siku hiyo.
Ufuta. Tangawizi iliyotwangwa.
Sukari guru chembe moja tu, ya kuuhadaa ulimi.
Maji hayaingii hapa; ni mtindi,
mtindi wa jana uliokwisha kununa.

Hansa amekata majani, ameyatia chumvi,
sasa ameanza kuyakamua.
Maji ya kijani yanampita vidoleni.
"Usikamue."
"Yana uchungu."
"Ndiyo. Usikamue."

Miaka kumi na tisa mama yangu, Mwanakombo binti Sheha,
aliukanda unga huu ghorofani kwao, Barabara ya Soko,
chini ya dirisha linalotazama ukuta.
Mwanzoni Bi Kanta alisimama pembeni, akisema,
mama akikanda.
Halafu Bi Kanta akawa anasema akiwa amekaa.
Halafu akawa hasemi.
Wao waliziita tepla. Sisi, chapati za majani.

Zilihesabiwa: ishirini na nne kila asubuhi,
na zilizoungua hazikuwa na hesabu.
Mama alizikunja katika upindo wa kanga,
akatembea nazo hadi Barabara ya Kumi na Tano,
nami nikazila zikiwa na joto la mwili wake,
si la jiko.
Nilikuwa na miaka kumi nilipong'amua
kwamba kila siku zinaungua mbili,
hazizidi, hazipungui,
na kwamba mikono kama ile haiunguzi chapati.

"Kanda," namwambia Hansa. "Mpaka donge liwe kama ndewe ya sikio."
Anashika sikio lake, anashika donge,
anaacha alama ya manjano chini ya hereni.
Ndipo anasema, bila kuniangalia:
mwezi ule wa mwisho, huko ugenini, mama yake aliomba tepla.
Alimnunulia za pakiti. Akampikia zake mwenyewe, mara nne.
Bi Kanta alimega, akatafuna, akairudisha sahanini.
*Hii si ya Mwanakombo.*
Hata jina la mama yangu, anasema,
alikuwa halijui mpaka siku ile.
Kwao lilikuwa "ayah".

Nimewasha jiko. Sikuwa na la kufanya na mikono yangu.

Anasukuma. Ya kwanza ina pembe saba.
Nampa kibao changu, kizito zaidi, nacho hakimsaidii.
Tawa limeshika moto, samli inatoa sauti ya mvua ndogo,
na harufu inapanda: majani, moshi, jasho la uwatu
litakalokaa kwenye nguo zetu hadi keshokutwa,
na majirani watauliza, na waulize.

Ya kwanza imeungua upande mmoja.
Ya pili, pande zote mbili; alikuwa anapangusa macho.
Anazichukua, anatafuta pa kuzitupia.
"Ziweke."
"Zimeungua, dada."
"Nimeona. Hizo zina mwenyewe."

Nimezikunja katika upindo wa kanga
kabla hajauliza.
Zimebaki ishirini na mbili.
Geuza hiyo, Hansa, inafuka.